Mke Mwenza wa Ndani ya Kioo

Kuna watu pale Newala waliosema Dastani amerukwa na akili, na tusiwaonee, hoja walikuwa nayo. Mtu mzima, mstaafu, baba wa binti aliyeolewa Mtwara, anaamka alfajiri kupanga foleni ya maji na ndoo zake nne, anazisukuma kwa mkokoteni mpaka nyumbani, kisha ndoo nzima anawapa samaki. Si samaki wa kula, ni wa kutazama. Katika mji ambao mgeni akinawa mikono mara mbili anaangaliwa kwa jicho la pembeni, yeye alikuwa na sanduku la kioo sebuleni, lita mia na hamsini za maji zimekaa tu.

Lililowauma watu zaidi ni kwamba Dastani mwenyewe alikuwa mtu wa maji. Miaka thelathini na moja aliendesha mashine za kuyasukuma kutoka bondeni kuyapandisha mpaka huku juu. "Zamani alikuwa anatupandishia sisi, sasa anawapandishia samaki," alisema jirani mmoja kwenye foleni, na foleni nzima ikacheka. Dastani naye alicheka, maana kununa mbele za watu ni kuwaongezea utamu. Nyumbani ndiko alikokwenda kununia.

Hakuwaeleza, kwa kuwa si mtu wa kujieleza, kwamba hakuna tone lililopotea. Maji machafu aliyoyatoa kwenye kioo kila wiki yalikwenda moja kwa moja kwenye mipapai na mchicha, na mchicha ule ulikuwa mnene kiasi cha wale wale waliomcheka kuja kuuomba. Viluwiluwi vya mbu vilivyozaliana kwenye kisima chao cha maji ya mvua aliviteka kwa kipande cha chandarua akawalisha samaki. Umeme ukikatika na pampu ya hewa ikizimika, alichukua kopo, akachota maji ya mle mle ndani na kuyamimina kutoka juu, akachota na kumimina, ili samaki wapate pumzi, mpaka mkono ukafa ganzi. Kazi ya kupandisha maji hakuwahi kuistaafu.

Samaki wenyewe aliachiwa na Cecil, fundi wa majokofu aliyekaa miaka miwili nyumba ya pili. Alipohamia Mwanza, Cecil aliwaletea sanduku, pampu na samaki wadogo wanane.

"Baba Bibiana, hawa nikiwabeba mpaka Mwanza watanifia njiani," alisema. "Nimetafuta mtu anayejua maji, nimekuona wewe."

Sifa ile ilimwingia Dastani kama chai ya tangawizi. Akasikiliza masharti yote. Sanduku lifunikwe muda wote, maana samaki hawa ni warukaji. Wasipewe maji ya mvua matupu, kwa kuwa kwao wamezoea maji yenye chokaa, hivyo magamba ya chaza yawekwe chini. Maji yasibadilishwe yote kwa mkupuo. Na kundi lisivunjwe, kwa sababu ni samaki wa kuishi kiukoo.

"Na wanaitwaje?"

"Samaki wa upinde wa mvua. Kwao mbali, kisiwa cha Papua. Ukitaka kuwatambua popote, tazama mgongoni. Wana mapezi mawili, dogo mbele, refu nyuma, na macho makubwa."

Dastani alichungulia. Mapezi mawili aliyaona, macho aliyaona. Upinde hakuuona. Aliona vitu vinane vya kijivu, ndugu zake dagaa.

"Upinde uko wapi?"

"Subiri," alisema Cecil, akapanda gari akaenda zake.

Akasubiri. Mwaka haujaisha, wanne wakageuka. Upande wa kichwani wakawa buluu ya wino, nyuma wakawa rangi ya chungwa lililoiva, na miili ikapanuka ikawa mipana kama kiganja. Mkubwa wao Dastani alimwita Bwana Mkubwa, akawa anavuta kiti jioni kumtazama. Wanne waliobaki hawakugeuka. Walibaki wembamba, wa rangi ya fedha iliyochakaa. Dastani akakata shauri kwamba Cecil alichanganyiwa aina mbili, kama mbegu za mbaazi zinavyochanganywa gulioni, nusu mbegu nusu takataka. Aliwaita wapauko. Aliwalisha, lakini kwa huruma tu.

Sasa niseme habari ya Agatha, mkewe, maana bila yeye haya yote yangekuwa mchezo wa mstaafu.

Agatha alikuwa haoni vizuri. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, la kulia zaidi, na kwa miaka mitatu dunia yake ilikuwa ukungu. Alipika kwa harufu na kuwatambua watu kwa mwendo. Mwanzoni aliwapinga samaki kuliko jirani yeyote. "Ndoo nzima, Baba Bibiana? Mke wako anaoga kwa kopo!" Lakini asubuhi moja, Dastani akiwa kwenye foleni ya maji, aliinamia kile kioo apanguse vumbi, pua ikakaribia kugusa, akaona kitu. Sanduku lilikaa mbele ya dirisha la mashariki, na jua likipenya kutoka nyuma yake samaki walikuwa vivuli, vinene na vyembamba, vinapita. Mtu wa ukungu akipata kivuli amepata kitu kikubwa. Alivuta kigoda akakaa, na tangu siku hiyo kulisha asubuhi kukawa kazi yake.

Mmoja wao akamzoea. Agatha alipotia majini kidole alichokichovya kwenye unga wa mbaazi, huyo mmoja aliwatangulia wenzake, akadonoa ncha ya kidole, akarudi nyuma, akadonoa tena. Ikawa hivyo kila siku. Agatha akamwita mke mwenzangu, kwa sababu, alisema, ndiye mwanamke mwingine pekee anayelishwa na Dastani chini ya paa lake. Dastani akirudi na mkokoteni alimkuta mkewe anacheka peke yake, kicheko cha zamani, cha kabla ya ukungu. Hakuwahi kuuliza ni samaki yupi. Alidhani anajua. Nani mwingine kama si Bwana Mkubwa? Ni kweli aliona ajabu kidogo Bwana Mkubwa kuitwa mke, lakini utani ni utani.

Mwezi wa nane zamu ya Agatha ikafika kwenye orodha ya upasuaji wa macho kule Ndanda. Dastani alimsindikiza, akamwacha na Mabel, binti wa kaka yake Agatha, amuuguze, yeye akarudi kuangalia nyumba. Walipokuwa wanaagana Agatha alimshika mkono.

"Nikirudi," alisema, "kitu cha kwanza ninachotaka kukiona katika nyumba ile ni mke mwenzangu. Wewe uso wako naukumbuka."

Dastani alicheka, lakini neno lilimkaa moyoni. Mkewe hakuwa mtu wa kuomba vitu. Miaka arobaini ya ndoa, na ombi alilolikumbuka yeye lilikuwa sufuria lenye mfuniko. Basi akaamua kwamba siku Agatha atakapoingia na macho yake mapya, macho hayo yatakutana na uzuri mtupu. Alipaka sebule chokaa. Alifua pazia. Akasugua kioo kwa ndani mpaka ukoga wote ukatoka.

Kisha maji yakakatika, kama ilivyo ada kiangazi, siku ya kwanza, ya pili, ya nne. Kisima cha mvua kilikuwa kimebaki tope. Maji ya kwenye kioo, aliyoyapunguza alipokuwa anasugua, yakabaki pungufu kwa shubiri nzima, na Dastani akaanza hesabu ambayo kila mtu wa Newala anaijua: maji haya ni ya midomo mingapi? Alivuta kiti akawatazama samaki wake. Wanne walikuwa wanawaka kama taa za harusi. Wanne walikuwa wanapita katikati ya uzuri huo, wamepauka, wanachafua picha. Nafsi yake ikamwambia, mbona jibu liko wazi?

Na katika hali hiyo hiyo Anjelina akabisha hodi.

Anjelina ni binamu yake Dastani, binti wa shangazi yake, mama mwenye mgahawa pale Masasi karibu na stendi. Alikuwa ametoka mazikoni kijijini Mkunya, akapita kuulizia hali ya mgonjwa, na hakuja mikono mitupu. Alileta ming'oko, vile viazi vya porini, imechemshwa tayari, imefungwa kwenye jani la mgomba. Walikula, wakaongea, wakataniana kama mabinamu wanavyotaniana, na saa ya mgeni kuondoka ikafika.

Hapo ndipo Dastani alipoona aibu. Mgeni aliyeleta hawezi kurudi hivi hivi. Hilo hata mtoto analijua. Lakini atampa nini? Stoo ya chakula Agatha aliifunga, na ufunguo alikwenda nao Ndanda umefungwa kwenye ncha ya khanga, kwa kuwa hakuamini kwamba mwanamume aliyeachwa peke yake atakula kwa kiasi. Mikorosho ndiyo kwanza ilikuwa inatoa maua. Kuku walikuwa wawili, wote wa Agatha, wote wana vifaranga. Dastani akazunguka uani, akarudi sebuleni, akatazama kioo, na mambo mawili yakatatuliwa kwa mpigo mmoja.

Alimkabidhi ndoo ndogo yenye mfuniko aliotoboa matundu, ndani wapauko wote wanne.

"Samaki hao, binamu. Chukua."

Anjelina alifunua akachungulia. "Wadogo," alisema. "Lakini wakikaangwa wakauka, watashuka vizuri na ugali." Akacheka, Dastani naye akacheka, akamsindikiza mpaka barabarani. Alirudi ndani amejaa furaha ya mtu aliyetimiza heshima. Maji yalitosha, picha ilitakata.

Siku tatu baadaye simu ikaita. Ilikuwa namba ya Mabel, lakini sauti ilikuwa ya Agatha, na ilikuwa juu.

"Baba Bibiana! Wamenifungua bandeji jana. La kulia naona! Naona vinyweleo vya mkono wangu mwenyewe! Namwona Mabel ana kipele hapa shavuni, na mwenyewe hataki nikiseme!"

Dastani alikaa chini. Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa, akayaacha. "Mungu mkubwa, Mama Bibiana," alisema. "Mungu mkubwa."

"Kesho kutwa wananiruhusu. Mke mwenzangu hajambo?"

"Yupo! Ananawiri! Huyo ukimwona utatamani miwani ya jua. Nyuma kote chungwa bivu."



"Chungwa? Huyo siye," alisema Agatha. "Wale wapana wananiogopa. Mke mwenzangu ni mwembamba. Wako wanne wembamba, asubuhi wapana huwa wanawafukuza huku na huku, wanawaringia. Nilikuwa nawaona vivuli vyao. Hao wembamba ndio wanawake, Baba Bibiana. Na huyo wangu ndiye anayedonoa. Mtie kidole, utamjua."

Simu ilipokatika Dastani alikwenda kwenye kioo na unga wa mbaazi. Aliingiza kidole. Bwana Mkubwa alikitazama kwa jicho moja, akageuka, akaenda zake. Wenzake watatu hawakufanya hata hilo. Alibadilisha kidole. Alijaribu mkono wa kushoto. Kisha akakumbuka jambo ambalo alikuwa amelidharau siku tatu zote: tangu Anjelina aondoke na ndoo, wale wanne wazuri walikuwa wanafifia, rangi imeshuka, wamejikunyata pembeni kama wanaume waliofiwa.

Alimpigia Cecil, Mwanza. Alipomaliza kueleza, Cecil hakucheka, na kutocheka kwake kulimtisha Dastani zaidi.

"Mzee wangu, hakuna aina mbili mle," alisema. "Ni aina moja. Wenye rangi ni madume. Dume ana mwili mpana, pezi la mgongoni limechongoka. Jike mwembamba, mapezi yake mafupi, ya mviringo, na rangi yake ndiyo hiyo ya fedha. Wakiwa wadogo wote ni kijivu, huwezi kutofautisha. Na dume huwaka kwa sababu ya majike. Asubuhi anawachezea, mpaka paji la uso linameta. Ukiondoa majike, anamwakia nani?"

"Basi nimekwisha," alisema Dastani.

"Umewapeleka wapi?"

Dastani alikata simu kabla neno mgahawa halijamtoka.

Alimpigia Anjelina. Simu haikupatikana, na hilo halikuwa jambo jipya. Anjelina huwasha simu anapotaka kupiga yeye, akimaliza anazima. Alijaribu mara tisa. Kila alipojaribu alizidi kumwona binamu yake amesimama mbele ya karai la mafuta. Na angemlaumu kwa lipi? Huku kwetu mtu akikupa samaki ndani ya ndoo amekupa kitoweo. Ni nani aliyewahi kupewa samaki amfuge? Yeye mwenyewe alisikia kwa masikio yake habari ya kukaanga, akacheka, akasindikiza. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuja mapema kuliko alivyotarajiwa.

Kulipokucha aliomba jirani awatazamie samaki waliobaki, akapanda gari la kwanza la kwenda Masasi. Alichokuwa anakiogopa hakikuwa samaki kufa. Samaki hufa, hata watu hufa. Alikuwa anaogopa kesho, Agatha ameshuka, ameingia sebuleni kwa jicho lake moja jipya, amekwenda moja kwa moja kwenye kioo kutafuta kitu kimoja alichokiomba, na yeye Dastani amesimama mlangoni anatafuta maneno. Angesema nini? Kwamba alimtoa kwa sababu alimwona mbaya? Aliyapanga maneno tangu Newala mpaka Masasi, na hayakupangika.

Mgahawa wa Anjelina ulijaa moshi na harufu. Ilikuwa harufu ya samaki wa kukaanga. Dastani alishika nguzo ya mlango.

"Binamu!" Anjelina alimwona akafurahi. "Umefuata nini tena, ndoo yako? Karibu, keti."

"Wale samaki, Anjelina."

"Enhe, watamu hao!" alisema Anjelina, na uso wake haukuonyesha dalili yoyote ya mzaha. "Niliwatia ndimu, chumvi, pilipili kidogo. Wateja wananiuliza kila siku wametoka ziwa gani. Una wengine?"

Dastani alikaa kwenye benchi. Hakulia, lakini uso ulimlegea, na mikono ikabaki magotini kama vitu vya mtu mwingine. "Nnungu wangu," alisema polepole, kwa Kimakonde cha mama yake. Mungu wangu. "Nitamwambia nini Mama Bibiana?"

Utani una mpaka wake, na mabinamu wanaujua mpaka huo ulipo. Anjelina aliona ameuvuka. Aliweka kijiko chini, akamshika bega.

"Wee! Dastani! Nakutania, baba. Nakutania. Inuka."

Alimvuta mpaka uani. Kivulini mwa ukuta palikuwa na beseni kubwa la kufulia, limefunikwa kwa ungo, na juu ya ungo jiwe. Anjelina aliondoa jiwe, akaondoa ungo. Dastani alipiga magoti. Aliona mmoja. Aliona wawili, watatu. Aliinama zaidi kumtafuta wa nne, ndipo chini ya jani la kabichi alilotia Anjelina kuwaburudisha akatoka, mwembamba, hana haraka.

Dastani alicheka. Alicheka kwa sauti mpaka wateja wakachungulia. Sikumbuki mtu mwingine aliyefurahi namna ile kwa samaki wanne wasiotosha mboga ya mtu mmoja.

"Kwa nini hukuwakaanga?" aliuliza alipopata pumzi.

"Nilitaka. Nisikudanganye, karai lilikuwa jikoni. Nikatia mkono nimtoe wa kwanza nimparue, akaja mwenyewe akanidonoa kidole. Nikautoa mkono. Nikautia tena, akaja tena. Binamu, nimeparua samaki miaka ishirini, hakuna hata mmoja aliyewahi kunisalimu. Ningemwanzia wapi? Na mmoja asipoliwa, wenzake utawala kwa uso gani? Nikasema nitakuuliza ukija. Chumvi nilikuwa nimeshaiweka mezani."

Dastani alikuwa bado amepiga magoti, suruali imelowa, anaomba Anjelina amwazime ndoo yake mwenyewe, waliposikia hodi mbele. Anjelina alikwenda kutazama, na sauti yake ikarudi imebadilika.

"Binamu, usiinuke haraka. Una wageni."

Daktari aliridhika na jicho, akamruhusu Agatha siku moja kabla. Simu ya Mabel iliishiwa chaji, kwa hiyo hawakupata kuarifu nyumbani. Walishuka Masasi kubadilisha gari, na Agatha, kama kawaida yake, hangepita Masasi bila kula kwa Anjelina.

"Shikamoo mjomba," alisema Mabel, ameduwaa.

"Marahaba," alijibu Dastani kutoka pale chini.

Agatha alisimama mlangoni mwa ua. Alikuwa amevaa miwani myeusi ya hospitali na khanga mpya. Aliivua miwani, ingawa aliambiwa asiivue juani, akamtazama mumewe. Kwa miaka mitatu alikuwa akimgeukia kwa sikio. Sasa alimtazama usoni, kisha magotini, kisha beseni.

"Baba Bibiana," alisema, "unafua nini?"

Sasa hapa, mtu mwerevu angepata uongo. Angesema amewaleta samaki kumlaki mkewe njiani, na Anjelina angemtetea, na ingekuwa hadithi nzuri ya kusimuliwa kwenye jumuiya ya kanisa. Dastani alikuwa amechoka kwa hofu, na mtu aliyetoka kwenye hofu kubwa hana nguvu za kudanganya. Alisema yote. Kukatika kwa maji, ming'oko, ufunguo wa stoo, ndoo. Alisema pia lile lililokuwa gumu kuliko yote.

"Niliwaona wamepauka, Mama Bibiana. Nikataka ukifungua macho uone vizuri tu. Sikujua kwamba ndiye."

Agatha alisogea. Alichuchumaa upande wa pili wa beseni, Mabel amemshika kiwiko, akatazama kwa muda mrefu. Jua lilikuwa limepita ukuta likaanza kuingia majini. Hakuhitaji kutia kidole. Alimwonyesha moja kwa moja, yule aliyekuwa chini ya jani.

"Ndiye huyu. Anajipinda mkia akigeuka," alisema. Kisha akasema, "Nani alikuambia hana rangi?"

Dastani aliinama karibu. Samaki alikuwa anapita kwenye ukingo wa jua, na mgongo wake ulitoa kijani, kijani hafifu, halafu zambarau, na kwenye mapezi ya mviringo kulikuwa na manjano laini kama ya ua la mbaazi, likawepo, likaondoka, likawepo tena. Jioni zote zile alikuwa amevuta kiti chake mbele ya Bwana Mkubwa. Hakuwahi kumtazama huyu hata kwa muda wa kuhesabu kumi. Aliona haya, na chini ya haya aliona nafuu kubwa, kwa sababu alikuwa ameonyeshwa kabla hajachelewa.

"Mimi nina miaka sitini na moja," alisema Agatha, bado anatazama majini. "Asubuhi pale wodini walinipa kioo. Nimejiona. Nywele zimekwenda, ngozi imekwenda. Sasa niambie, Baba Bibiana. Na mimi siku ukiniona nimepauka utanitia kwenye ndoo unilete kwa Anjelina?"

"Alete tu!" alisema Anjelina. "Nina vyombo vya kuosha."

Mabel aliangua kicheko, Agatha akafuata, kicheko kile kile cha sebuleni, na Dastani akagundua kwamba yeye peke yake hacheki. Alikuwa anatafuta jibu. Alinyoosha mkono juu ya beseni akampangusa mkewe vumbi la safari shavuni, polepole, kwa kidole gumba, mbele ya binti wa watu na mbele ya wateja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wafunge ndoa.

"Vaa miwani yako," alisema. "Daktari alikukataza jua."

Walikula ugali na kisamvu. Samaki wa kukaanga walikuwepo, hakuna aliyeagiza. Mchana waliingia kwenye gari la Newala, Agatha dirishani. Alisoma kwa sauti kila kibao kilichopita, majina ya vijiji, ya maduka, ya makanisa na misikiti, hata matangazo ya dawa za mikorosho, na abiria wakamwacha asome. Dastani aliipakata ile ndoo magotini. Kila gari liliporuka shimo aliinyanyua kidogo kwa mikono miwili, na Mabel alipojitolea kumpokea alikataa, akasema mikono yake bado ina nguvu.